Behewa la Ghorofa Halitibu Msongamano

Hoja ya behewa la ghorofa hupokelewa haraka kwa sababu haihitaji maelezo. Treni ya asubuhi imejaa, watu wamebanana hadi mlangoni, jukwaa la stesheni haliwezi kurefushwa; basi tupande juu. Mwenye kiwanja kidogo Kariakoo hujenga ghorofa, sasa reli ina dhambi gani? Hoja hiyo imetamba Sydney, Toronto na California kwa miongo kadhaa, na picha za mabehewa ya ghorofa yaliyonunuliwa Ujerumani kwa ajili ya reli ya kisasa (SGR) ya Tanzania zimeifanya ivutie hata Afrika Mashariki. Mwanasiasa anaipenda kwa kuwa inapendeza kwenye picha. Abiria aliyechoka kusimama anaipenda kwa kuwa inamwahidi siti.

Kosa lake ni moja, na ni kubwa. Nyumba ya Kariakoo haidaiwi kutoa nusu ya wapangaji wake na kuingiza wengine ndani ya sekunde arobaini, kisha kurudia kazi hiyohiyo baada ya dakika tatu, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3. Treni ya mjini inadaiwa hivyo kila siku ya kazi. Anayeipima kwa idadi ya watu wanaoenea ndani amepima kitu kingine. Kinachoamua mji utafika kazini kwa wakati ni idadi ya watu wanaopita mlangoni kwa dakika moja.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Kwa miaka mingi, jioni pale Posta au Kariakoo, watu waliingia kwenye daladala kwa kupitia dirishani. Kijana anarusha begi kwanza ili lishike siti, kisha anajivuta kwa mikono, miguu ikining'inia nje, huku konda akifoka. Wakati huo huo siti za nyuma zilikuwa tupu. Watu walipita dirishani kwa sababu mlango ulikuwa mmoja na waliokuwa wakishuka hawajamaliza kushuka. Uhaba ulikuwa mlangoni, wala kuongeza siti juu ya paa kusingeuondoa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 yaliletwa yakiwa na milango kadhaa mipana, sakafu yake ikilingana na sakafu ya kituo, na nauli ikalipwa kabla ya kupanda. Yapo mengi ya kulalamikia kwenye mwendokasi, lakini aliyechora milango ile alijua anachokifanya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme treni ya kawaida inabeba watu 1,000 na ya ghorofa inabeba 1,300. Kama ngazi na milango ya ile ya ghorofa inalazimisha treni zifuatane kwa dakika tatu, njia moja inapitisha treni 20 kwa saa, yaani watu 26,000. Kama zile za kawaida zinaweza kufuatana kwa dakika mbili, zinapita treni 30, yaani watu 30,000. Ndogo imeishinda kubwa. Namba hizo ni za mfano, ila kanuni haibadiliki popote: treni ya nyuma haiingii jukwaani mpaka ya mbele itoke, na sekunde zinazopotea kwenye stesheni yenye watu wengi kuliko zote hulipwa na njia nzima.

Na mbona 1,300, wakati ghorofa ni mbili? Kwa sababu ghorofa ya pili kwenye reli haiji kamili. Ngazi zinakula nafasi. Magurudumu yanakula nafasi. Mitambo ambayo kwenye behewa la kawaida hufungwa chini ya sakafu inatafutiwa mahali pengine, na mahali hapo panatoka kwa abiria.

Waingereza walilipa ada ya somo hili mapema. Novemba 1949 mhandisi Oliver Bulleid aliingiza seti mbili za mabehewa manne manne ya ghorofa kwenye njia ya kutoka Charing Cross, London, kwenda Dartford. Madaraja na mahandaki ya nchi ile hayana kimo cha kutosha, kwa hiyo hakuweza kujenga ghorofa mbili kamili. Alipachanisha vyumba vya juu na vya chini kama meno ya zipu. Seti hizo mbili zilipounganishwa zilipata nafasi 1,104 za kukaa, ukihesabu na siti za kukunja, mahali ambapo treni ya kawaida ya urefu huo ilikuwa na 772. Jasho lote lile lilileta nyongeza ya asilimia 43. Madirisha ya juu hayakufunguka na hewa ikawa nzito, lakini hilo lingeweza kuvumiliwa. Lililoshindikana ni stesheni: abiria wa juu na wa chini walipita mlango mmoja, na treni ikawa inachelewa kila inaposimama. Seti ya tatu haikujengwa. Shirika la reli likaamua kurefusha majukwaa ili yapokee treni za mabehewa kumi, na zile mbili za Bulleid zikatumika hadi zilipostaafishwa mwaka 1971.

Sydney ilikwenda mbali zaidi kuliko mji wowote. Mabehewa yake ya kwanza ya ghorofa yalianza kazi mwaka 1964, na kidogokidogo treni zote za mjini zikawa za ghorofa. Uamuzi ule haukuwa wa kipumbavu. Vitongoji vya Sydney viko mbali, watu walisafiri muda mrefu, na siti ilikuwa na thamani. Treni ya Waratah inayotumika leo, yenye mabehewa manane, ina siti karibu 900.

Ila mtu aingie kwenye mojawapo saa mbili asubuhi, aone inavyofanya kazi. Kila behewa lina milango miwili kwa upande. Mlango unafunguka kwenye ukumbi mdogo ulio juu ya magurudumu, na mbele ya abiria kuna ngazi mbili nyembamba, moja ya kupanda na nyingine ya kushuka. Anayeshuka stesheni mbili mbele haoni faida ya kwenda juu, kwa hiyo anabaki ukumbini. Wa pili naye anabaki. Wa kumi naye. Juu siti zimebaki, chini siti zimebaki, ukumbi umefunga. Treni ikifika Town Hall, katikati ya jiji, wale wa juu wanaanza kuteremka mmoja mmoja, mkono kwenye chuma, wakiwasukuma wale wa ukumbini, nao wa ukumbini wanawasukuma wanaongoja jukwaani. Mlango haufungwi mpaka mtu wa mwisho wa ngazini apite. Ndiyo maana, pamoja na ishara na reli nzuri, njia ya mjini ya Sydney ilipangiwa treni 20 kwa saa.

Mwaka 2012 serikali ya New South Wales ililikubali hilo kwa maandishi. Ilieleza kuwa njia moja ya treni za ghorofa inamudu kwa uhakika watu 24,000 kwa saa, na kwamba metro ya ghorofa moja inasanifiwa kubeba 40,000. Kisha ikatenda. Njia ya chini ya ardhi ya Epping hadi Chatswood, iliyofunguliwa mwaka 2009 kwa treni za ghorofa, ilifungwa mwaka 2018 ili igeuzwe. Mahandaki mapya ya kaskazini-magharibi yalichimbwa kwa kipenyo ambacho treni ya ghorofa haipiti. Mei 2019 metro ikaanza, ghorofa moja, milango mitatu kila upande wa behewa, bila dereva. Agosti 2024 ikavuka chini ya bandari hadi katikati ya jiji na kuendelea mpaka Sydenham. Mwezi uliofuata njia ya zamani ya Bankstown nayo ikafungwa kwa ajili ya ukarabati huohuo.

Wapinzani wa metro ile wana hoja mbili za kweli. Namba ya 40,000 ni uwezo wa usanifu, na treni zinazopita kila dakika nne haziwezi kuufikia. Pia abiria wengi wa metro husimama. Ni sawa. Lakini uwezo wa metro unaweza kuongezwa kwa kuongeza treni, kwa sababu mlango unaruhusu. Uwezo wa treni ya ghorofa ulikwama pale ulipokwama miaka mingi iliyopita, na hakuna siti ya ziada iliyouamsha.

Mji unaojua msongamano kuliko Sydney ni Tokyo, na Tokyo ilichagua kinyume. Treni zake za mjini zina milango minne kila upande wa behewa la mita 20. Watu walipozidi, kampuni ya reli haikupanda juu. Mwaka 1991 ilileta kwenye njia ya mzunguko ya Yamanote mabehewa yenye milango sita kila upande, na saa za asubuhi siti zake zilikunjwa zisitumike kabisa. Yaani wahandisi wale waliondoa siti ili watu wapite. Ni uamuzi mgumu kwa abiria, na mabehewa yale yaliondolewa baadaye wakati wa kufunga milango ya majukwaani, ila ulionyesha wanaamini nini kuhusu chanzo cha tatizo.

Ghorofa nayo walishaijaribu. Mwaka 1992 ilitoka treni ya mfululizo wa 215, mabehewa kumi, karibu yote ya ghorofa, milango miwili tu kila upande. Iliwekwa kwenye njia ya Tokaido kama treni ya haraka ya kawaida. Kupanda na kushuka kulichukua muda mno, ikaondolewa kwenye kazi hiyo na kupewa safari ambazo kila abiria ana siti yake aliyolipia. Huko ilifanya vizuri hadi ilipostaafu mwaka 2021. Treni ileile iliyoshindwa kazi moja ilifaulu nyingine.

Anayetetea ghorofa hujibu kwa neno moja: Paris. Kwenye RER A, njia ya treni za jiji na vitongoji inayobeba zaidi ya watu milioni moja kwa siku ya kazi, treni zote ni za ghorofa tangu mwaka 2017. Je, hilo halimalizi mabishano?

Halimalizi, na mfuatano wa miaka unaeleza sababu. Mwaka 1989 Paris ilifunga kwenye njia hiyo mfumo wa ishara wa SACEM ili treni ziweze kufuatana kwa dakika mbili. Baada ya hapo tu, mwaka 1997, ndipo treni za kwanza za ghorofa zilipoingia. Treni ilikuwa tayari ndefu, majukwaa ya chini ya ardhi yasingeweza kurefushwa, na muda kati ya treni moja na nyingine ulikuwa umeshabanwa. Ghorofa ilikuwa hatua iliyobaki baada ya nyingine zote kuchukuliwa. Halafu Wafaransa hawakununua behewa la ghorofa la kawaida. Walichora jipya, lenye milango mitatu kila upande, kila mmoja na upana wa mita mbili, ili wa juu, wa chini na wa katikati wasigombanie njia moja. Walianza na mlango, ghorofa ikafuata. Na treni mpya ya RER iliyoanza kazi kwenye njia ya E mwaka 2023 imechanganya: mabehewa ya katikati ni ya ghorofa, ya mwishoni ni ya ghorofa moja. Anayeitaja Paris kama ushahidi anapaswa kununua kila kitu cha Paris: ishara, milango, mahandaki makubwa. Ghorofa peke yake haikuiokoa.

Mfano mwingine unaotajwa siku hizi ni Caltrain, reli ya San Francisco hadi San Jose. Septemba 2024 ilianza ratiba kamili ya treni mpya za umeme, aina ya KISS kutoka kiwanda cha Stadler, za ghorofa, safi, tulivu. Abiria waliongezeka, na sifa zikaenda kwa ghorofa. Sifa hizo zimepelekwa kwa asiyestahili. Caltrain ilikuwa na mabehewa ya ghorofa tangu mwaka 1985, yakivutwa na injini za dizeli. Kilichobadilika mwaka 2024 ni umeme. Treni inaondoka stesheni kwa kasi, inasimama haraka, na safari inayosimama kila stesheni, iliyokuwa ikichukua karibu dakika 100, imeshuka hadi karibu dakika 75. Mwisho wa wiki treni inapita kila nusu saa mahali ilipokuwa ikipita kila saa. Abiria walirudi kwa sababu hizo. Kwa upande wa ghorofa, reli hiyo ilipata taabu ambayo mnunuzi yeyote anafaa kuijua: ili treni ziweze siku moja kutumia majukwaa ya treni za kasi kubwa, ziliundwa zikiwa na milango ya vimo viwili, ya chini na ya juu, kisha ile ya juu ikazibwa. Kwenye behewa la ghorofa kimo cha jukwaa si jambo dogo. Ukikikosea, umenunua milango usiyoitumia, na nafasi yake imetoka kwenye siti.

Hayo yote hayamaanishi behewa la ghorofa ni kosa kila mahali. Lina kazi yake, na kazi hiyo ni njia ndefu yenye stesheni chache, ambako abiria anakaa dakika 50 au zaidi na wengi wanashuka mahali pamoja. Zürich iliyaweka kwenye reli ya mkoa wake mwaka 1990 na bado inayanunua. Sydney yenyewe, iliyoiacha ghorofa kwenye njia mpya za mjini, iliagiza treni mpya za ghorofa zilizoundwa Korea Kusini, ziitwazo Mariyung, kwa safari ndefu za kutoka mjini kwenda Newcastle na Blue Mountains. Ya kwanza ilibeba abiria Desemba 2024, miaka mitano tangu zianze kufika, kwa kuwa chama cha wafanyakazi na serikali walikuwa wakivutana kuhusu nani anaangalia milango inapofungwa. Hata huko, mabishano yalikuwa juu ya mlango.

Yupo pia abiria ambaye hoja ya ghorofa humsahau kabisa. Ni mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Ni mzee mwenye mkongojo, ni mtu wa kiti cha magurudumu, ni mchuuzi mwenye tenga la samaki kutoka Feri. Kwao ghorofa ya juu haipo. Ngazi ya chini nayo ni ngazi. Wanabaki kwenye ukumbi wa mlangoni, palepale msongamano unapokuwa mkali, wakisukumwa na wanaopanda na wanaoshuka. Behewa linalohesabiwa kuwa na nafasi nyingi kwenye karatasi limewaachia hao mita chache za mraba. Kwenye miji ambayo abiria wengi husafiri na mizigo, hilo peke yake lingetosha kumfanya mpangaji asite.

Sasa tuje Afrika Mashariki. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza treni ya mjini, ambayo wananchi waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, wakaiita treni ya Mwakyembe. Novemba mwaka huohuo Nairobi ikafungua stesheni ya Syokimau. Huduma zote mbili zilianza kwa safari chache za asubuhi na jioni, kwenye reli ya zamani yenye njia moja, ambapo treni inayokwenda husubiri inayorudi. Kwa reli ya namna hiyo, kununua ghorofa ni kuruka ngazi kumi kwa mpigo. Behewa la ghorofa litaongeza siti kwenye safari zilezile chache. Sehemu ya kupishana ikijengwa, njia ya pili ikitandikwa, ishara zikifungwa, safari nne zinaweza kuwa nane, na nane kuwa kumi na sita. Mtu aliyekosa treni ya saa 12 na nusu hana haja ya ghorofa. Anataka treni nyingine saa 1 kasoro robo.

SGR ni habari tofauti. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma stesheni ni chache, abiria ana siti yake kwenye tiketi, na anakaa saa kadhaa. Hapo ghorofa inaweza kufanya kazi iliyoumbiwa. Hatari ni kuliona behewa lililofaa safari ya Dodoma na kudhani litafaa treni ya mjini ya Pugu.

Wanaoandaa zabuni za treni za mjini wabadilishe ukurasa wa kwanza wa masharti yao. Kabla ya siti, waandike sekunde: treni isimame muda gani kwenye stesheni yenye watu wengi kuliko zote, asubuhi, ikiwa imejaa. Waandike idadi ya milango na upana wake, na sakafu ilingane na jukwaa ili asiwepo anayehitaji kubebwa. Wadai majaribio yenye watu halisi, mizigo na watoto, kabla ya kutia saini. Mwenye kiwanda akitimiza hayo kwa ghorofa, kama Paris ilivyotimiziwa, na apewe kazi. Asipoweza, picha nzuri isimsaidie.

Na anayeona kwamba ushauri huu unawanyima abiria maendeleo aitazame njia ya Chuo, Tokyo, mojawapo ya njia zilizobanana kuliko zote duniani. Machi 2025 njia hiyo ilianza rasmi kuwa na mabehewa ya ghorofa. Treni zilirefushwa kutoka mabehewa 10 hadi 12, majukwaa yakarefushwa ili yazipokee, na milango ya mabehewa ya ghorofa ikapanuliwa hadi sentimita 130, tofauti na ile myembamba ya njia nyingine, ili treni zisichelewe stesheni. Anayetaka siti ya ghorofani hulipa nyongeza. Mabehewa yenyewe ya ghorofa ni mawili kwenye kila treni. Yale kumi yanayobeba umati wa asubuhi yamebaki ya ghorofa moja, yakiwa na milango minne kila upande.